Mlima Bila Mtu

Mwaka ule kalenda iliyotundikwa sebuleni kwetu, mtaa wa Jericho, Nairobi, ilikuwa na mlima wa watu. Sijui ulikuwa wa nchi gani. Juu theluji, chini ziwa, na katikati miti yenye majani mekundu na ya manjano, kana kwamba msitu mzima umeugua. Jirani mmoja aliyewahi kufanya kazi kwa Wazungu alitueleza kwamba huko kwao kuna majira ambapo majani hupukutika yote, na kabla ya kupukutika hugeuka rangi hivyo, na watu hupanga safari kwenda kuyapiga picha. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na hiyo miti inazaa nini?"

"Haizai kitu."

"Basi wanaenda kupiga picha ya nini?"

Mimi kalenda ile iliniudhi kwa sababu nyingine. Nilikuwa nikifanya kazi katika studio moja pembeni mwa Pumwani, unapoingia Majengo. Kazi yangu ilikuwa kusafisha filamu katika chumba cha giza na kuondoa chunusi za wateja kwa brashi ndogo kabla hawajapewa picha zao. Kila nilikopeleka picha niliukuta mlima uleule wa watu: kwa kinyozi, dukani, hata katika ofisi ya kanisa. Na huku asubuhi zenye hewa safi, nikisimama juu ya ngazi za nje za studio, niliuona Mlima Kenya wenyewe kwa mbali, mdogo kama jino la mtoto. Wetu ulikuwepo. Hakuna aliyejali kuutia kwenye kalenda, na hilo lilinichoma.

Mimi si mtu wa kukaa na hasira nyumbani. Nilimwendea mchapaji wa zile kalenda, katika uchochoro mmoja karibu na River Road, nikamkuta amejipaka wino hadi kwenye viwiko.

"Kwa nini unatuuzia mlima wa watu?" nikamuuliza.

Alinitazama kwanza kujua kama nina akili timamu. "Hiyo picha ilikuja bure na mashine," akasema. "Wewe uko na mlima mwingine?"

"Ninao."

"Uko wapi?"

"Uko mahali pake. Bado sijaupiga."

Alicheka sana, mzee wa watu, lakini hakunifukuza. Alisema alikuwa amechoka na picha ile hata yeye. Nikimletea picha za mlima na bahari kabla ya mvua ya vuli, atazitazama, na zikimpendeza atachapa kalenda ya mwaka unaofuata. Mvua ikishaanza, mashine itakuwa imeshaingia kazini na hatabadilisha kitu. Kisha akaweka sharti.

"Sitaki mtu ndani. Hata mmoja. Nikiweka mtu, customer wa kwanza ataniuliza huyu ni wa wapi, na wa pili hatanunua."

Nilijua anasema kweli. Nilitoka pale nimekubali kila kitu, na nilikuwa sijawahi kuona bahari kwa macho yangu.

Siku hizo, katika mitaa yetu, picha ilikuwa ni mtu. Picha ya mahali hakuna aliyeijua. Ulipigwa siku ya ubatizo, siku ya arusi, siku uliyopata kazi na siku uliyonunua redio, ukiwa na redio yenyewe mapajani. Ulivaa nguo yako bora kuliko zote, ukasimama katikati, mikono imenyooka, ukakataa kucheka. Mtu akifika mahali pazuri, anasimama mbele yake ili pasionekane. Ndivyo tulivyokuwa. Kwa hiyo niliposema kwenye bomba la maji kwamba nakwenda kupiga picha ya mlima peke yake, wanawake walitua ndoo zao ili wacheke vizuri. Mmoja akaniuliza kama mlima wenyewe ndio utakaokuja studio kuchukua picha yake.

Mama hakucheka. Alisema tu kwamba msichana hawezi kwenda kulala loji peke yake na kamera shingoni, na kwamba mazungumzo yamekwisha. Nilibishana naye wiki nzima. Nilikuwa na umri wa kuolewa na mshahara wangu mwenyewe, na kamera ile niliinunua kwa jasho langu kutoka kwa mwenye studio. Mama alikuwa anashona, na kila nikipandisha sauti alizungusha cherehani kwa nguvu zaidi.

Aliyemaliza ubishi ni Baba. Baba alikuwa dereva wa lori, Mkamba wa maneno machache, aliyekwenda Mombasa na kurudi mara nyingi kuliko alivyokwenda sokoni. Aliniita mama, kwa kuwa nilipewa jina la mama yake mzazi. Jioni moja alivua viatu, akanyoosha miguu, akasema, "Mama, mimi nitachukua livu nikupeleke."

Cherehani ya Mama ikanyamaza. Livu ya Baba, likizo yake ya mwaka, ilikuwa na kazi yake. Kwetu Ukambani vuli ndiyo mvua ya kutegemewa. Ukichelewa kulima na kutengeneza matuta kabla haijaanguka, mwaka wako umekwenda. Kila mwaka alichukua livu wakati huohuo, akaenda kushika jembe, akarudi na malengelenge mikononi. Sasa anataka kuitoa kwa ajili ya picha ambayo wanawake wa bombani wameicheka. Nilimwambia hapana. Akasema alikuwa ameshaongea na ofisi wampe mapema kidogo, na kwamba tukitoka baharini nitamwacha njiani, kwetu, ashuke na jembe lake. Mimi nirudi Nairobi kwa basi.

"Lakini mvua ikitukuta kabla hatujapata picha," akasema, "tumekosa kote kuwili."

Hapo ndipo tulipoanza kupanga, na hapo ndipo nilipogundua kwamba baba yangu na mimi tulikuwa tunaishi katika nchi mbili. Yake ilikuwa ya barabara. Alijua mzani uko wapi, mteremko upi unakula breki, hoteli ipi chai yake ina maziwa ya kweli. Alitaka tutoke alfajiri tufike Nanyuki, magharibi ya mlima, mchana, tukiwa tumepumzika, tule, ndipo tupige picha. Nchi yangu mimi ilikuwa ya mwanga. Nilimweleza kwamba mchana mlima huwa umejifunika mawingu, kwamba tunapaswa kuwa tumesimama tayari jua linapochomoza, na kwamba saa tatu asubuhi mara nyingi kila kitu kimekwisha.

"Nimepita hapo miaka yote," akasema Baba. "Mlima huwa uko."

"Umewahi kusimama ukautazama?"

Alifikiri. "Lori halisimamishwi ovyo," akajibu.

Jambo la Nanyuki lilinisumbua nisijue sababu. Picha chache za mlima nilizowahi kuziona zilipigwa upande ule, na mimi nilitaka kuufuata huohuo. Mpaka siku moja tulipokuwa mezani. Mama alikuwa ameweka ugali katikati, umesimama vizuri, unatoa mvuke. Nikauangalia. Nikachukua tochi ya Baba, nikazima taa, nikaumulika ugali kutoka dirishani, upande jua linakotokea. Kopo la chumvi nikaliweka upande wa pili, kuwa Nanyuki. Kopo likamezwa na kivuli. Ugali wote uliokuwa unatazamana nalo ulikuwa mweusi.

Nilipiga kelele. Jua lingechomoza nyuma ya mlima! Ningesafiri usiku kucha nikapige picha ya kivuli.

"Washa taa," alisema Mama, "chakula hakichezewi."

Lakini Baba alikuwa ameinama. Alitazama ugali, akatazama tochi, akanyoosha mkono akalichukua kopo la chumvi mwenyewe, akalizungusha polepole mpaka upande wa dirisha. Likang'aa, na ugali mbele yake ukang'aa.

"Hapa ni Chuka," akasema. "Barabara ya hapa ni ya udongo. Ikinyesha, tunalala hapo na mlima wako." Kisha akamega tonge, kutoka upande wa Nanyuki.

Tangu usiku ule Baba alibadilika. Alirudi kazini na habari za wingu na ukungu badala ya habari za magari. Aliwauliza madereva wenzake kama kule Embu asubuhi kuna umande. Mimi nilikwenda Majengo kumwona mama mmoja, mteja wetu wa studio, aliyezaliwa pwani na aliyekuwa akiuza mahamri. Niliona kwamba mahesabu ya jua la baharini ni kinyume cha yale ya mlimani: kule jua hutoka majini, kwa hiyo lazima upige alasiri, likiwa mgongoni mwako. Lakini nilikuwa nimesikia kwamba bahari huondoka. Nilitaka kujua inaondoka saa ngapi.

"Maji hupwa na kujaa, mwanangu, hayaondoki," akasema akigeuza mahamri. "Wende mwezi ukiwa mpevu. Jioni saa kumi utayakuta yamejaa hadi juu, mazuri hayo! Lakini ukenda nusu ya mwezi, saa hiyo utapiga picha matope."

Basi mambo yote yakajipanga kwa mwezi. Mlima ungekuwa kwanza, siku za mwanzo za livu. Halafu turudi Nairobi tupitie nyumbani, halafu bahari, mwezi ukiwa mpevu. Halafu shamba. Mvua ikichelewa kidogo, kila mtu atapata chake. Ikiwahi, Baba amepoteza livu na matuta, na mimi nimebaki kuwa kichekesho cha bomba. Tulikuwa tukitoka nje kila jioni, yeye na mimi, kutazama mbingu, na majirani wakatuzoea.

Baba aliazima pikapu ya muumini mwenzake kanisani, akaifungua na kuifunga injini yake kana kwamba tunakwenda Sudani. Siku ya kuondoka niliona Mama anapiga pasi suti ya Baba, ile ya kijivu, ya Pasaka na Krismasi. Aliipiga kwa uangalifu mkubwa, akaifunika gazeti, akaitundika nyuma ya kiti cha pikapu. Nilidhani Baba ana mgonjwa wa kumwona Embu, au mazishi. Sikuuliza, kwa kuwa kichwa changu kilikuwa kimejaa filamu.

Tulifika Chuka gizani, tukapanda mpaka mahali ambapo mashamba ya chai na migomba yanakupa nafasi ya kuona juu. Baridi ilikuwa ya kukata masikio. Nilisimamisha stendi ya kamera, nikangoja. Kwanza hapakuwa na kitu. Kisha mbingu ikapauka, na pale juu, mahali ambapo nilidhani ni wingu, pakawa jiwe. Kilele kikashika rangi ya waridi, halafu dhahabu, halafu theluji ikawa nyeupe kabisa, na msitu wote chini yake ukafunguka mpaka kwenye miguu yetu. Nilikaribia kulia. Nilikuwa nimeupanga mlima ule juu ya meza ya kulia chakula, na sasa umetoka vilevile, umewaka upande uleule.

Nikainamia kamera. Na ndani ya kioo, katikati kabisa ya Mlima Kenya, nikamwona baba yangu.

Alikuwa amevaa suti ya kijivu. Tai imefungwa, kofia imenyooka, viatu vimepigwa rangi. Alikuwa amebadilisha nguo nyuma ya pikapu katika baridi ile, kimya, bila kuniambia. Alisimama kama watu wanavyosimama studio, mikono imenyooka kando ya mapaja, kidevu juu. Miezi yote ile ya kupanga nilimweleza habari za jua, na mawingu, na upande wa mlima; hilo la mchapaji kutotaka mtu nililisema mara moja tu, na yeye, kama mtu yeyote wa mtaani kwetu, hakudhani kwamba lingemhusu baba wa mpiga picha. Kwake safari nzima ilikuwa imepangwa ili asimame hapo.

"Mama," akaniuliza bila kusogeza midomo sana, "nimekaa sawa?"

Chini ya kilele, upande wa kulia, wingu la kwanza lilikuwa limeanza kupanda.

Watu huniuliza kama najuta. Sijuti. Nilikuwa na mlima wangu mbele yangu kwa dakika chache, na kazi yangu niliijua. Nilisema, "Baba, sogea kushoto."

Akasogea hatua moja, mikono bado imenyooka. "Hapa?"

"Kushoto tena."

"Hapa?"

"Tena kidogo."

Alikwenda kwa ubavu, suti yake ikiburuzika kwenye umande, akinitazama usoni kila hatua. Mahali fulani pale njiani alielewa. Niliona uso wake unaelewa. Hakusimama, hakuuliza kwa nini. Alipiga hatua nyingine, na nyingine, mpaka akawa karibu na ukingo wa migomba.

"Bado unaniona?" akauliza.

"Sikuoni."

"Basi piga."

Nikapiga. Nikapiga tena, na tena, mpaka wingu likafika shingoni mwa kilele na kukifunika chote. Ilikuwa imekwisha kabla umande haujakauka. Niliponyanyua kichwa, Baba alikuwa bado amesimama palepale, amenyooka, kidevu juu, kana kwamba na yeye amepigwa.

Nikamgeuzia kamera. Nyuma yake palikuwa na weupe mtupu. Akatikisa kichwa, akaanza kulegeza tai.

"Hiyo filamu ni ya bahari," akasema.

Baharini hakuhitaji kuambiwa. Tulifika upande wa Kilifi alasiri, mwezi ukiwa mpevu, na maji yalikuwa yamejaa hadi juu, kama nilivyoambiwa Majengo, ya buluu ambayo sikujua kuwa ipo duniani. Nilitaka kusimama tu nitazame. Lakini Baba alikuwa ameshavaa kazi yake mpya. Alitembea mbele yangu ufukweni akipunga mikono kama askari wa barabarani. "Sogeeni! Hapa hapatakiwi mtu!" Akawahamisha vijana waliokuwa wakicheza mpira. Akawahamisha wapenzi wawili waliokuwa wamekaa kwenye mchanga, na mbuzi pia akawafukuza. Mzee mmoja alimuuliza kwa upole kuna nini, na Baba akamjibu, "Binti yangu anafanya kazi." Nilimsikia alivyolisema. Sijawahi kupewa sifa nyingine iliyonifaa kuliko hiyo.

Nilimwacha njiani kwetu na jembe lake na pikapu, nikapanda basi. Mvua ilianza akiwa na matuta mawili hayajaisha, akayamalizia kwenye matope.

Mchapaji aliziweka picha zangu juu ya kioo chenye taa chini yake, akainama. Alikaa nazo muda mrefu. Bahari aliisifu, akasema ataiweka mwaka mwingine. Mlima aliugusa kwa kidole safi, alichokifuta kwanza kwenye suruali. "Hakuna mtu," akasema.

"Hakuna," nikasema.

Mwaka uliofuata mlima wangu ulikuwa kwa kinyozi, ulikuwa dukani, ulikuwa katika ofisi ya kanisa. Wanawake wa bombani waliuning'iniza majumbani mwao na kuwaambia wageni kwamba aliyeupiga ni msichana wa hapa mtaani, wanamjua tangu mtoto. Nilipita mitaani Pumwani na Majengo nikiingiza kichwa madukani bila haja ya kununua kitu. Nilijivuna, na sikuona sababu ya kuficha. Niliporudi jioni nilitembea katikati ya barabara.

Nyumbani Baba aliitundika kalenda yetu kwa mkono wake, kwenye ukuta unaotazamana na mlango. Alipiga msumari, akarudi nyuma, akaitazama, akaenda akainyoosha tena. Kila mgeni aliyeingia, awe wa kanisani au wa kazini, hakupewa chai kabla hajasimamishwa mbele yake. Baba alimwonyesha kilele, akamwonyesha mwanga ulivyotoka upande wa mashariki, akamweleza kwa nini Nanyuki haifai. Kisha aliinua kidole na kukitoa nje ya kalenda, upande wa kushoto, akakiweka kwenye ukuta mtupu, karibu shubiri moja kutoka ukingoni mwa karatasi.

"Na mimi," alisema, "nimesimama hapa."

Mgeni alisogea, akautazama ukuta. Hakuna hata mmoja aliyewahi kucheka. Na Mama, bila kuinua macho kutoka kwenye cherehani, aliongezea, "Na tai amefunga."